Barua ya Lazear ya Septemba 8, 1900 inathibitisha nini?

Swali la msomaji: Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu utafiti wa homa ya manjano uliofanywa Kuba mwaka 1900. Nimesoma skani za mkusanyo wa Philip Hench ulioko Chuo Kikuu cha Virginia. Kwa maoni yangu, barua ya Daktari Jesse Lazear kwa mkewe ya Septemba 8, 1900 inaonyesha wazi kwamba alijiambukiza kwa makusudi. Msimamizi wangu anasema barua si ushahidi wa kutosha. Nani kati yetu yuko sahihi? Na barua zote hizi nizipange vipi nisipotee?

Jibu: Kwa Lazear, msimamizi wako yuko sahihi, na sababu iko kwenye kalenda. Barua imeandikwa Septemba 8. Mbu anayebishaniwa, yule anayedhaniwa kumwambukiza, alimuuma Septemba 13. Lazear akaanza kuugua Septemba 18, akafariki Septemba 25. Barua haiwezi kushuhudia jambo lililotokea siku 5 baada ya kuandikwa. Hata hivyo, usikubali kwamba barua ni ushahidi dhaifu kwa asili yake. Mara nyingi kosa liko kwenye swali tunaloiuliza. Iulize barua hii swali linalolingana na tarehe yake, nayo itakujibu vizuri sana.

Rudi kwenye maneno yenyewe. Lazear anamwambia mkewe, aliyekuwa Marekani wakati huo, kwamba anadhani yuko kwenye nyayo za kijidudu halisi, kwamba lisisemwe lolote kwa sasa hata kwa kudokeza, na kwamba hajamtajia mtu mwingine. Katika maneno hayo hamna mbu, wala hamna mpango wa kujiweka hatarini. Sisi ndio tunaomwingiza mbu humo kwa kuwa tunajua mambo yaliishia wapi. Mwaka 1900 mjadala mkubwa ulikuwa kuhusu bakteria ambaye Giuseppe Sanarelli alimtangaza mwaka 1897 kuwa ndiye chanzo cha ugonjwa, na Tume ya Jeshi la Marekani (Walter Reed, James Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte) ilianza kazi Kuba kwa kumchunguza bakteria huyo. Mtu aliyeandika "kijidudu halisi" katika mazingira hayo huenda alikuwa anampinga Sanarelli kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa uliza: nini kilikuwa kimetokea kufikia Septemba 8? Hapo ndipo barua inapopata uzito. Mwanzoni mwa Agosti, Carlos Finlay, daktari wa Havana aliyekuwa ametangaza tangu 1881 kwamba mbu ndiye mwenezaji, aliipa Tume mayai ya mbu. Lazear akawafuga, akawalisha kwa wagonjwa, kisha akawapa watu waliokubali kuumwa, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Majaribio 9 ya mwezi huo hayakumwambukiza mtu yeyote. Agosti 27 Carroll aliumwa na mbu mmoja akaugua vibaya. Agosti 31 akaumwa askari mmoja, ambaye ripoti ilimwita X.Y., naye akaanza kuugua siku 5 hivi baadaye. Kwa hiyo Septemba 8 Lazear alikuwa na wagonjwa wawili mfululizo, baada ya mwezi mzima wa kuambulia patupu. Barua inathibitisha kwamba kufikia siku hiyo aliamini amepata kitu, na kwamba alitaka kiwe siri. Yote mawili ni ushahidi mzuri, nawe unaweza kuyaandika bila kusitasita.

Ili uone kwa nini tarehe zina nguvu kiasi hiki katika mada hii, shika vipindi vitatu vya ugonjwa wenyewe. Mbu, anayeitwa leo *Aedes aegypti*, hupata virusi akimuuma mgonjwa katika siku za mwanzo za homa, takriban 3 za kwanza. Baada ya hapo virusi hupungua kwenye damu na mbu anashiba bila kuambukizwa. Kisha virusi huhitaji muda ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu; Tume ilikadiria siku 12 au zaidi, na hali ya hewa ikiwa ya baridi muda huo hurefuka. Mwisho, mtu aliyeambukizwa huugua baada ya siku 3 hadi 6.

Pima kila barua kwa vipindi hivyo. Agosti 16 Lazear aliumwa na mbu ambaye siku 10 kabla alikuwa amemuuma mgonjwa mwenye homa nyepesi aliyekuwa katika siku ya tano ya ugonjwa. Hakudhurika. Ukipima, makosa ni mawili: mgonjwa alikuwa amechelewa, na mbu alikuwa bado hajaiva. Mbu wa Carroll alikuwa na historia tofauti kabisa: siku 12 kabla alimuuma mgonjwa mahututi aliyekuwa katika siku ya pili. Na Septemba 13 hadi 18 ni siku 5, muda unaokubalika bila shida. Barua au kumbukumbu yoyote inayodai mtu aliumwa na mbu asubuhi akaugua kesho yake, au aliugua baada ya wiki tatu, ina kasoro ya tarehe au ya chanzo cha maambukizi. Usiitupe. Andika kando yake kwamba haipiti kipimo, kisha utafute kwa nini. Finlay mwenyewe alikwama miaka mingi hapohapo: mbu wake waliruhusiwa kuuma tena baada ya siku 2 hadi 5 tu.

Hili linanipeleka kwenye barua ambazo naziona zina thamani kuliko ile ya Lazear kwa tasnifu ya aina yako, nazo ni za Reed za Septemba 1900. Reed aliondoka Kuba mwanzoni mwa Agosti, kwa hiyo Carroll alipougua Reed alikuwa Washington. Septemba 7, baada ya kupata habari kwamba Carroll anaendelea vizuri, alimwandikia barua ya shangwe, ya kumshukuru Mungu. Kisha kwa nje akaongeza swali moja fupi: je, ni mbu aliyefanya hivyo?

Tazama swali hilo limekaa wapi. Ndani ya barua kuna rafiki anayefurahia uhai wa mwenzake. Nje kuna mtafiti. Mtu anayenakili maandishi ya kurasa za ndani peke yake atalipoteza swali ambalo ndilo muhtasari wa utafiti wote wa mwaka ule. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi yako: kila skani ya bahasha, mgongo wa karatasi na pembezoni ni sehemu ya barua. Ifungue, iandike kwenye jedwali, hata kama haina kitu. Kuandika kwamba bahasha haipo ni taarifa pia.

Baadaye mwezi uleule Reed alimwandikia Carroll tena, safari hii bila shangwe. Hoja yake ni kwamba kisa cha Carroll hakithibitishi chochote. Laiti Carroll angekaa siku 10 kambini kabla ya kuumwa na mbu, kisa kingekuwa safi. Lakini hakukaa, alikwenda palepale ambapo angeweza kuupata ugonjwa kwa njia nyingine. Sasa iweke barua hiyo kando ya mpango wa Camp Lazear, kambi iliyofunguliwa Novemba 20, 1900. Watu waliojitolea walitengwa humo kabla ya kuumwa na mbu. Ripoti iliyochapishwa inakueleza utaratibu ukiwa umekwisha kukamilika, kana kwamba ulizaliwa hivyo. Barua inakuonyesha utaratibu ulitokana na shaka gani: rafiki alikaribia kufa na bado kisa chake hakikutosha. Tasnifu yako ikikaa hapo, itasema jambo ambalo ripoti peke yake haiwezi kulisema.

Mfano wa pili wa tofauti kati ya barua na ripoti uko Desemba. Mwanajeshi John Kissinger aliumwa na mbu Desemba 5 akaanza kuugua usiku wa Desemba 8. Kesho yake, Desemba 9, Reed anamwandikia mkewe Emilie kwamba, ukiacha dawa ya kupambana na sumu ya dondakoo na ugunduzi wa Koch wa bakteria wa kifua kikuu, kazi hii itahesabiwa kuwa kubwa kuliko zote za kisayansi za karne ya 19. Siku hiyo, kambini kulikuwa na mgonjwa mmoja tu wa majaribio. Ukiinukuu barua hii bila kutaja idadi hiyo, unampa msomaji picha ya mtu aliyekwisha kukamilisha kazi. Ukiitaja, unampa picha ya kweli, yaani mtu mwenye uhakika uliotangulia takwimu zake. Wala haimaanishi Reed alikuwa na pupa. Wagonjwa wengine walifuata siku chache baadaye. Maana yake ni kwamba barua kwa mke hupima moyo wa mwandishi, na ripoti kwa madaktari hupima kile anachoweza kukitetea. Zisome pamoja.

Na kuna ile ya Desemba 31, iliyoandikwa dakika 10 kabla ya saa sita usiku. Reed anasema amekaa akisoma kitabu cha daktari La Roche kuhusu homa ya manjano, na anawasikia wapiga tarumbeta 24 wakiuaga mwaka. Watu huinukuu kwa sababu ya sala anayoitaja, ya kutaka apate kupunguza mateso ya binadamu. Kwako faida yake nyingine ni kwamba inaonyesha alikuwa anasoma nini wiki ile, jambo ambalo ripoti za kitabibu hazielezi.

Sasa mpangilio. Mkusanyo wa Hench una tabaka mbili zilizolala pamoja, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Hench alikuwa daktari wa Mayo Clinic, mmoja wa walioshinda Tuzo ya Nobel ya mwaka 1950 kwa kazi ya kotisoni. Kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1930, aliwatafuta waliosalia wa Kuba na jamaa za waliofariki, akawaandikia, akawauliza, akakusanya. Baada ya kifo chake mwaka 1965 mjane wake aliukabidhi mkusanyo kwa Chuo Kikuu cha Virginia. Kwa hiyo utakuta barua iliyoandikwa mwaka 1900 na barua iliyoandikwa miaka 40 baadaye *kuhusu* mwaka 1900, zote katika mkusanyo mmoja, zote zinataja jina lilelile na kambi ileile. Hizo si ushahidi wa aina moja.

Barua ya kumbukumbu ina mitego yake. Wa kwanza ni swali lililoizaa. Kabla ya kusoma jibu la mzee aliyekuwa askari, tafuta barua ya Hench iliyotangulia. Maneno ya swali yakirudi katika jibu vilevile, unachosoma ni kumbukumbu iliyopewa umbo na muulizaji. Wa pili ni vitabu na magazeti: kufikia miaka hiyo hadithi ya Camp Lazear ilikuwa imechapishwa mara nyingi, na Agramonte alikuwa amechapisha simulizi lake mwaka 1915. Mtu hukumbuka alichosoma akidhani alikiona. Wa tatu ni masilahi. Mwaka 1929 Bunge la Marekani liliidhinisha medali ya dhahabu na pensheni ya dola 125 kwa mwezi kwa waliotambuliwa kuwa walishiriki. Kuanzia hapo, swali la nani hasa alijitolea, lini, na wa kwanza alikuwa nani, lilikuwa na fedha na heshima ndani yake. Simwiti mtu yeyote mwongo. Nasema ugawe jedwali lako kabla na baada ya 1929 na uangalie madai yanabadilika wapi.

Tengeneza jedwali moja lenye safu hizi: namba ya utambulisho kama ilivyo kwenye hifadhi (pamoja na boksi na folda), mwandishi, mpokeaji, mahali ilipoandikwa, tarehe ya kuandikwa, tarehe ya tukio linaloelezwa, mwandishi alijuaje, aina ya nakala, na mambo ya nje kama bahasha na maandishi ya pembezoni. Safu mbili zinabeba mzigo mkubwa kuliko nyingine. Ya kwanza ni tarehe ya tukio, kwa sababu ukiitoa tarehe ya tukio kwenye tarehe ya barua unapata umri wa kumbukumbu: siku 1, wiki 2, miaka 38. Ya pili ni "alijuaje". Tumia maneno matatu tu: aliona, alisikia, alikumbuka. Barua za Reed za Septemba kuhusu Carroll zote zinaingia kwenye "alisikia", maana alikuwa Washington. Telegramu ilifika haraka, barua ilichukua siku kadhaa kwa meli. Kwa hiyo mara nyingine Reed anajibu hali ambayo Kuba ilikwisha kubadilika, na barua mbili zinaweza kupishana baharini. Usizipange kama maswali na majibu mpaka uhakikishe kila moja inarejelea ipi.

Kuhusu tarehe, tahadhari mahususi. Wamarekani huandika mwezi kwanza: 9/7/00 ni Septemba 7, si Julai 9. Ukiandika hivyo kwenye Excel iliyowekwa mpangilio wa siku kwanza, programu itaifanya Julai 9, na kwa kuwa mwaka ni tarakimu mbili itaipeleka 2000. Pia Excel haitambui tarehe za kabla ya 1900, na inahesabu Februari 29, 1900 kana kwamba ilikuwepo. Mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu wenye siku 366. Matokeo yake, majina ya siku inayokupa kwa Januari na Februari 1900 si sahihi. Ziandike tarehe zote kama maandishi ya kawaida kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, 1900-09-08, nazo zitajipanga zenyewe. Jina la siku lihakiki kwa kalenda ya kudumu: Septemba 8 ilikuwa Jumamosi, Septemba 13 Alhamisi, Desemba 9 Jumapili, Desemba 31 Jumatatu. Barua isiyo na tarehe lakini imetaja "Jumapili" na tukio linalojulikana huweza kupata tarehe yake kwa njia hiyo. Vifupisho "inst." na "ult." baada ya namba ya siku vina maana ya mwezi huu na mwezi uliopita. Barua ya Oktoba 3 inayotaja "25th ult." inazungumzia Septemba 25. Kosa dogo hapo linakuharibia hesabu yote ya siku za kuugua.

Tarehe iliyowekwa kwa penseli ndani ya mabano ya mraba juu ya ukurasa aghalabu si ya mwandishi; ni ya mkusanyaji au mkutubi aliyekadiria. Iingize, lakini kwa alama inayoonyesha ni makadirio.

Aina ya nakala ina maana kuliko watu wanavyodhani. Familia nyingi hazikutoa barua asili. Zilitoa nakala iliyopigwa taipu au picha yake. Taipu inasomeka vizuri, na ndiyo hatari yake: haionyeshi neno lililokatwa, mstari uliopigwa chini, au aya ambayo familia iliona ni ya faragha ikairuka. Nukta tatu mfululizo katika nakala ya taipu zinaweza kuwa mtuo wa mwandishi au maneno yaliyoondolewa, na huwezi kujua bila asili. Ikiwa asili na taipu zote zipo, linganisha mstari kwa mstari, ukianza na namba, majina na tarehe. Ikiwa taipu peke yake ndiyo iliyobaki, sema hivyo kwenye tanbihi kila unapoinukuu.

Unaponakili mwandiko wa mkono, hifadhi tahajia na vifupisho kama vilivyo, weka neno lililokatwa kwa mstari katikati, na neno usilolisoma liwekee mabano ya mraba na alama ya kuuliza. Usikisie kimyakimya. Anza na maneno unayoyajua hakika, kama "Quemados" au "Columbia Barracks" (mahali Tume ilipofanyia kazi) kwenye kichwa cha barua. Toa humo umbo la kila herufi, ukijitengenezea alfabeti ya mwandishi huyo. Tarakimu zinahitaji zoezi la pekee: 1 na 7, 4 na 9, 0 na 6 hufanana sana kwa kalamu ya wino, na kwenye chati ya joto 101 ni homa ya kiasi, 107 ni hatari ya kifo. Angalia pia mpangilio wa kurasa. Karatasi moja iliyokunjwa katikati hutoa kurasa nne, na waandishi wengi wa enzi hiyo walitoka ukurasa wa 1 kwenda wa 3 kabla ya kurudi wa 2. Sentensi isipoungana kutoka skani moja hadi nyingine, jaribu mpangilio mwingine kabla ya kudhani kuna ukurasa uliopotea. Ukitumia programu ya kusoma mwandiko, kumbuka kwamba huwa inalainisha: jina geni inaligeuza la kawaida, tarehe ya ajabu inaifanya ya kueleweka. Hakiki kwa macho yako kila namba na kila jina utakalolinukuu.

Msamiati wa tiba utakuhitaji uvumilivu kidogo. Joto liko katika Farenhaiti: 104 ni sawa na 40 za Selsiasi. Dozi ziko katika greni, na greni moja ni takriban miligramu 65. Mbu wa Tume aliitwa kwanza *Culex fasciatus*, kisha *Stegomyia fasciata*; ni mbu yuleyule. Neno "parasite" au "germ" katika barua za 1900 halina maana ya virusi. Carroll alionyesha mwaka 1901 kwamba chanzo kinapita kwenye kichujio kinachozuia bakteria, na virusi vyenyewe vilitengwa mwaka 1927. Ukiandika "Reed alitafuta virusi" umempa ujuzi ambao hakuwa nao.

Kuna watu ambao barua hazitawataja vya kutosha, na tafadhali usiandike tasnifu inayowapita. Wahamiaji wa Kihispania waliokubali kuumwa na mbu Camp Lazear walitia saini mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza na Kihispania: dola 100 za dhahabu kwa kushiriki, na dola 100 nyingine wakiugua. Ni moja ya hati za mapema zaidi za ridhaa ya majaribio kwa binadamu zilizobaki. Sauti yao haimo kwenye barua za mapenzi wala za ofisi. Imo kwenye mkataba, kwenye chati za joto, na kwenye sentensi chache za ripoti. Zisome chati hizo kwa makini uleule unaoutumia kwa barua za Reed. Chati ya mtu ambaye hakuacha barua ni hati yake: inaonyesha saa aliyoumwa na mbu, homa ilipopanda, mapigo ya moyo yalipoanza kushuka huku joto likiwa bado juu (dalili inayojulikana ya homa ya manjano), na siku aliyopona.

Sasa turudi kwa Lazear, uandike nini. Ripoti ya awali ya Tume, iliyosomwa Indianapolis Oktoba 23, 1900, inasema kwamba Septemba 13 asubuhi Lazear alikuwa hospitali ya Las Animas akichukua damu za wagonjwa, mbu ambaye aina yake haikuhakikishwa akatua mgongoni mwa mkono wake, naye akamwacha makusudi anywe mpaka ashibe, kwa kuwa alikwisha kuumwa na mbu wa majaribio bila madhara. Ona kwamba hata ripoti rasmi ina neno la makusudi ndani yake. Kwa hiyo chaguo lililo mbele yako si kati ya ajali na kujitoa mhanga. Kuna hali tatu: mbu wa nje aliyeachwa auume mkono, mbu wa maabara aliyepewa mkono kwa siri, au maambukizi ya njia nyingine hospitalini. Reed hakuwepo, aliiandika sehemu hiyo kwa kutegemea wenzake na kijitabu cha Lazear, ambacho kilipotea baadaye. Wanaotetea hali ya pili hutegemea maandishi ya Septemba 13 katika daftari la maabara lililobaki kuhusu mnyama wa majaribio aliyepewa namba 1, wakisema mnyama huyo alikuwa Lazear mwenyewe, na kwamba alificha kwa ajili ya familia au bima. Hiyo ni tafsiri, na ina hoja. Ukitaka kuitumia, nenda kwenye picha ya ukurasa wenyewe wa daftari, utazame mwandiko ni wa nani, wino ni mmoja au umebadilika, na kilichotangulia na kilichofuata. Usitegemee muhtasari wa mtu mwingine.

Barua ya Septemba 8 iweke mahali pake: ushahidi wa mkono wa kwanza kwamba siku 5 kabla ya kuumwa na mbu, Lazear alikuwa na matumaini makubwa na aliyaficha. Inaongeza uwezekano wa hali ya pili, maana mtu anayeficha matumaini anaweza kuficha jaribio. Haiithibitishi. Andika maneno hayo mawili, inaongeza na haiithibitishi, na msimamizi wako hatakuwa na pa kukushika.

Jambo la mwisho ni ruhusa, kwa kuwa utataka kuchapisha. Kwa sheria ya Marekani, maandishi ambayo hayakuwahi kuchapishwa hulindwa miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Barua za Lazear (1900) na Reed (1902) ziko huru. Za Hench mwenyewe zinalindwa hadi mwisho wa 2035. Za askari na jamaa waliomjibu zinategemea mwaka wa kifo cha kila mmoja, na pale mwandishi asipojulikana hesabu ni miaka 120 tangu kuandikwa. Maktaba inayohifadhi karatasi si lazima imiliki haki ya maneno yaliyomo. Ruhusa ya kutumia picha ya skani na ruhusa ya kuchapisha maandishi kwa ukamilifu ni maombi mawili. Kunukuu mistari michache kwa uchambuzi, ukitaja mkusanyo, boksi, folda na namba ya hati, ni kawaida ya kitaaluma. Andika namba hizo siku ileile unayosoma hati, maana viungo vya tovuti hubadilika lakini boksi na folda hubaki.